Kreti za mikate ndo zilikuwa zinashika kiti: kisa cha vani iliyorudi nyuma pale feri Likoni

Hiki kisa ni cha kweli na nimekiandika ili wenye magari ya zamani na madereva wao wajifunze kitu. Majina nimetoa, rangi ya gari nimetoa, hata siku nimeivuruga kidogo. Wahusika nitawaita Mzee, Kijana, Tanboi (yule msaidizi wa dereva) na Bosi, na mimi ndo nlikuwa msimamizi wa magari, yaani mafuta, sevisi, zamu za madereva, yote kwangu, kwa hivyo nikilaumu watu humu ndani mjue na mimi nimo.

Gari yenyewe na watu wake

Biashara ni ya kusambaza mikate, vani sita, zote za miaka ya 1990, manyuali, zile vani za injini chini ya viti vya mbele. Hii tunayoizungumzia ilikuwa na ruti ya kusini, inatoka kisiwani Mombasa alfajiri, inavuka feri, inashusha Likoni, Tiwi, Ukunda, halafu inarudi tupu mchana haujafika.

Sasa kwa asiyejua kiti cha dereva kimejengwaje, kuna sehemu mbili za kufunga. Ya kwanza ni reli za chini, mbili, kushoto na kulia, ambazo kiti kinateleza mbele na nyuma, na kila reli ina loki yake yenye meno, hizo loki mbili zimeunganishwa na waya ili ukivuta ule mkono wa chini zifunguke pamoja na ukiachilia zifunge pamoja. Ya pili ni ile gia ya pembeni inayoshika mgongo wa kiti usilale. Kwenye vani hii vyote viwili vilikuwa vimekufa. Loki ya ndani ilikuwa haifungi kabisa kwa sababu waya ulikatika zamani na mtu (hatukumjua ni nani, kila fundi anamtaja fundi mwengine) akaunga na waya wa kufungia nondo, na ya nje meno yalikuwa yamelika yakawa kama meno ya mbuzi mzee. Gia ya mgongo nayo ilikuwa inashika ikitaka.

Kwa nini viti vya vani hizi vinakufa hivi? Moja, injini iko chini, fundi akitaka kuifikia lazima anyanyue kiti, na kila akinyanyua bolti inalegea, nyengine inapotea, anarudisha tatu badala ya nne. Mbili, hapa ni pwani bwana, hewa yenyewe ina chumvi, chuma inaoza ukiitazama. Tatu ni mchanga wa Ukunda unaoingia na viatu, unakaa kwenye reli, halafu mtu anapaka grisi juu yake akidhani anasaidia, mchanga na grisi vinakuwa msasa. Na ile tabia ya kuosha gari kwa kumwaga ndoo ndani, maji yanatuama chini ya kapeti wiki nzima.

Mzee alikuwa dereva wa hii vani miaka tisa. Mtu mfupi, mkimya, hajawahi kugonga hata kuku. Alikuwa amejipangia mambo yake: alikata kipande cha boriti, akakipigilia kati ya mguu wa nyuma wa kiti na ukingo wa sakafu ili kiti kisirudi nyuma, na mgongo wa kiti ulikuwa unaegemea kreti za mikate. Akishusha mzigo, kreti tupu anazirudisha zote nyuma ya kiti chake, anazipanga moja juu ya moja, anazifunga kamba. Sisi ofisini tulikuwa tunamsifu, tunawaambia wale wengine tazameni Mzee gari yake ilivyo nadhifu. Kumbe ile ilikuwa ndo egemeo lake!

Siku yenyewe

Jumamosi. Mzee alipata msiba kwao akanipigia usiku, nkampa gari Kijana, skwadi wetu, yaani dereva wa kushikia wengine zamu, miaka kama ishirini na saba, mrefu, leseni safi, ana uzoefu wa kutosha. Sikumwuliza Mzee kama kuna lolote la kumwambia mwenzake kuhusu gari. Nilimwuliza ufunguo uko wapi. Basi.

Alfajiri Kijana kaingia, magoti yamegusa usukani. Akainama, akaona boriti, akaona ni uchafu tu wa Mzee, akaing'oa akaitupa upande wa Tanboi. Akavuta mkono, akasukuma kiti nyuma, akasikia "kach", akaridhika. Ile kach ilikuwa ya loki moja, ya nje, ile ya meno ya mbuzi.

Kwenda hakukuwa na shida yoyote. Vani imejaa, kreti zimesimama mpaka karibu na dari nyuma yake, kiti kimebanwa, hata angetaka kuanguka asingeweza. Akashuka ule mteremko wa feri upande wa kisiwani, akapanda upande wa Likoni, akaenda zake Ukunda, kazi ikaisha mapema. Wakati wa kurudi Tanboi akapanga kreti tupu kule mlangoni nyuma, kwa sababu ni rahisi, hauzibebi mbali. Hakuna mtu aliyemwambia vyengine, na kawaida Mzee ndo alikuwa anazipanga mwenyewe.

Wakavuka. Feri ikafika kisiwani, magari yakaanza kutoka. Wanaojua pale wanajua, unatoka kwenye feri unakutana na mlima wa zege, na mbele yako kila kitu kipo, watu wa miguu, bodaboda, mikokoteni. Mbele ya vani kulikuwa na mkokoteni wa madafu, wale vijana wakachoka katikati ya mlima wakasimama kupumua, Kijana naye ikabidi asimame. Nyuma yake gari ndogo, imeacha nafasi kama mita mbili hivi.

Mkokoteni ukaondoka. Kijana akaachia handbreki, akakanyaga mafuta, akaanza kuachia klachi, vani ikaruka kidogo mbele kama zinavyoruka hizi vani zikiwa tupu, na hapo hapo loki ya nje ikaachia. Kiti kikateleza nyuma mpaka mwisho wa reli, kilipogonga mwisho mgongo nao ukalala, na Kijana akawa amelala chali kama mtu kwa kinyozi ananyolewa ndevu, anaangalia dari.

Kilichofuata ni sekunde tatu nne, lakini nimewahoji wote wawili mara kadhaa na mpangilio ni huu. Miguu yake yote ikatoka kwenye pedali, injini ikazima kwa kishindo ikiwa kwenye gia ya kwanza. Kwa sekunde hivi vani ilisimama. Halafu yeye, kwa kujiokoa, akashika usukani akajivuta, usukani ukapinda kushoto, akatafuta pedali kwa ncha za vidole, mguu wa kushoto ukapata klachi kwanza ukaibonyeza, wa kulia ukagusa breki lakini hauna nguvu. Vani ikaanza kurudi. Mama mmoja aliyekuwa anapita kando akaruka, kikapu kikamwagika. Tanboi akavuta handbreki kwa mikono miwili, ikashika nusu, na vani ikaenda kujiegemeza kwenye bampa ya ile gari ndogo. Taa moja, bampa, na boneti iliyokunjika kidogo. Kijana aliumwa na mgongo kwa wiki moja na kitu, wengine wote salama.

Unaweza kusema ni ajali ndogo. Lakini kila mtu wa Mombasa anaikumbuka Septemba 2019, ile gari iliyorudi nyuma kutoka kwenye feri ikaingia baharini, mama na mwanawe wakafa. Ile ni habari nyengine na hiki si kisa kama kile, ila ukisikia maneno "gari imerudi nyuma Likoni" moyo lazima uruke, na wangu uliruka nilipopigiwa simu.

Tulivyoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulifanywa pale pale mlimani na ulikuwa mbaya. Feri inataka kupakia, honi kila mahali, askari wanasema toeni gari. Kijana akanipigia, nkamwambia usiiendeshe. Akaniuliza sasa niifanye nini, nkakosa jibu. Wakafanya hivi: Tanboi akapiga magoti nyuma ya kiti, akakishikilia kwa mabega na magoti, Kijana akaendesha mpaka juu, kama mita mia. Ilifika. Lakini fikiria kama loki ingeachia tena na huyo mtoto wa watu yuko nyuma pale, angebanwa na kiti. Kilichotakiwa ni jiwe chini ya tairi, kreti kuletwa mbele nyuma ya kiti (zilikuwa humo humo!) au kamba na lori la mbele. Sikuyafikiria kwa sababu sikuwa nimewahi kufikiria kiti kama kitu cha kuharibika namna hiyo.

Wa pili, mwenye gari ndogo tulielewana naye, akalipwa taslimu, hatukwenda polisi wala bima. Bosi alitaka hivyo kwa sababu ni haraka na bima ikiuliza chanzo utasema nini, kiti? Nilikubali. Hasara yake ni kwamba hakuna karatasi yoyote popote inayosema kiti kilisababisha hii, ukitafuta rekodi utaona tu pesa imetoka, "matengenezo".

Wa tatu ndo tulizozania. Bosi alisema kiti kichomelewe kwenye reli, fundi wa weldingi anataka 2,000, mchezo umeisha. Ukiusikia ni kama una akili. Tukafanya kwenye vani moja nyengine, iliyokuwa na tatizo hilo hilo, kabla sijapata nguvu ya kukataa. Ndani ya siku nne dereva wake, ambaye ni mfupi, alikuwa ameweka mito miwili mgongoni ili miguu ifike, na mto ukibanwa unanywea, kwa hivyo akifunga breki kwa nguvu anazama nyuma kabla breki haijashika. Tulikuwa tumehamisha tatizo kutoka kwenye chuma tukalitia kwenye sponji. Tena kuchomelea juu ya injini, paipu za dizeli ziko pale pale, fundi alikuwa anamwagia maji huku anachoma, mimi nimesimama na ndoo ya mchanga nasoma dua.

Hapo nkamwambia Bosi basi, tununue kiti kizima cha mtumba pamoja na reli zake, kutoka gari ya aina hiyo hiyo. Kilipatikana kwa 12,000. Alinung'unika, akalipa. Sababu ya kusisitiza reli zake ni kwamba mafundi wengi watakutolea kiti kizuri cha kitambaa safi wakakiweka juu ya reli yako ya zamani, utaona kiti kipya na ugonjwa ni ule ule.

Wa nne ulikuwa kuwaita madereva wote chai, kuwaambia atakayesema kasoro ya kiti chake leo hakatwi pesa wala hapokonywi gari. Huu ndo uamuzi pekee ninaojivunia.

Ilivyoishia

Vani sita, nne zilikuwa na kasoro ya kiti. Moja ilikuwa na bolti mbili tu, moja ilishikiliwa na jerikeni ya lita ishirini yenye maji, mwenyewe anasema ni maji ya rejeta (ni kweli alikuwa akiyatumia, akiyatumia anajaza tena haraka, sasa tunajua kwa nini). Daftari letu la kasoro nlilifungua nkalisoma nyuma miaka miwili: taa, tairi, breki, waipa, honi. Kiti hakimo hata mara moja.

Uchambuzi

Tulikosea kuanzia kwenye kukiita kiti ni starehe. Mtu akisema kiti kibovu unamsikia kama analalamika kuhusu joto. Lakini pedali ni nzito, na ukiisukuma kwa mguu lazima uwe na kitu cha kusukuma nacho mgongoni, nguvu unayotia kwenye breki unaitia pia kwenye kiti. Kiti kisipokaa, breki nzuri kabisa haina mtu wa kuikanyaga. Tungeandika kiti chini ya breki kwenye daftari tungekuwa hatujakosea.

Na mlima unazidisha. Kwenye barabara tambarare, loki mbovu utaisikia ukifunga breki, kiti kinakuja mbele, unatukana, unaendelea. Ukipanda, uzito wako mwenyewe unavuta nyuma, gari ikiruka mbele inakusukuma nyuma tena, na mguu wa klachi nao unakusukuma huko huko, vyote vitatu upande mmoja kwa wakati mmoja. Kwa hivyo loki iliyovumilia miaka inaachia pale penye mlima, na kwa Mombasa hii iliyo tambarare mlima wa kusimama na kuondoka ni pale feri, mahali pabaya kuliko pote.

Jambo ambalo hata mimi nlilielewa baadaye nikichora kwenye karatasi: injini ilipozima, gari ilikuwa kwenye gia, na injini ya dizeli iliyozima kwenye gia ya kwanza inashika gari vizuri tu. Ile sekunde moja ya kusimama ndo hiyo. Kijana alipobonyeza klachi akaifungulia gari irudi. Simlaumu, kila dereva wa manyuali gari ikizima mguu unaenda klachi wenyewe. Lakini nimewaambia wote, ukianguka na kiti, usitafute pedali kwa vidole, vuta handbreki kwanza. Na kumbuka injini ikizima ule msaada wa breki unabaki wa kukanyaga mara moja au mbili, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama ukuta, na wewe umelala chali.

Mshipi alikuwa ameufunga, tena alinionyesha alama begani. Haukumsaidia kwa sababu mshipi umetengenezwa kukuzuia kwenda mbele. Kiti kikienda nyuma nawe unakwenda nacho, na mgongo wa kiti ukilala mshipi unakaa hewani. Lau ile gari ndogo ingekuwa lori linalokuja kwa kasi nyuma yake, angetoka chini ya mshipi akaenda kwenye kreti kichwa kwanza.

Sheria ipo. Sheria ya Trafiki ya Kenya, sura ya 403, kifungu cha 55, inataka kila sehemu ya gari iwe katika hali ambayo kuiendesha haitahatarisha watu wa barabarani wala walio ndani, na kiti ni sehemu ya gari. Ila tangu sheria za Michuki za 2004, yule waziri wa uchukuzi, masikio yetu yamezoea mshipi na spidi gavana (kile kifaa cha kuzuia mwendo), hivyo ndo vitu askari anavyouliza na ndo tunavyovitengeneza. Hata inspeksheni, yule mtu akikitikisa kiti chenye boriti nyuma yake hakisogei, kinapita. Boriti ilificha ugonjwa kwa kila mtu isipokuwa Mzee.

Na Mzee kwa nini hakusema? Nilimwuliza aliporudi. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwanangu, nlisema." Miaka minne nyuma, kwa msimamizi aliyekuwa kabla yangu, akaambiwa gari ikikushinda kuna vijana wanaitaka. Basi akatafuta boriti. Dereva mzuri anaweza kubeba gari mbovu kwa mwili wake miaka na miaka na wewe ofisini ukaona gari nzima, siku anapokwenda mazishini ndo gari inaonekana ilivyo.

Kilichofanya kazi siku ile ni mkono wa Tanboi, na ile gari ndogo kuacha nafasi, vitu ambavyo sisi hatukuvipanga.

Tunavyopima sasa, kila asubuhi, haichukui dakika: gari imezimwa, mzigo haujaingia au umesogezwa mbali na kiti (hili muhimu, ukipima na kreti nyuma unapima kreti), dereva anakaa, anakanyaga breki kwa nguvu zote kama amemwona mtoto barabarani, huku anasukuma mgongo nyuma na kujitikisa. Akisikia kiti kimesogea hata kidogo gari haitoki. Halafu anainama na tochi, anaona loki zote mbili zimeingia, bolti ziko nne, na hakuna chupa ya maji iliyolala chini, maana chupa nayo ikibiringika ikaingia chini ya breki ni kisa chengine. Skwadi akichukua gari lazima aongee na mwenye gari kwa simu kabla hajaingia, hata kama ni usiku.

Kimoja kimebaki. Ile vani iliyochomelewa, tulipokata weldingi sakafu ikatoka nayo kipande, kutu ilikuwa imeimaliza kwa chini. Kiti cha mtumba kipo, kimekaa stoo na reli zake, lakini hakuna chuma ya kukifungia. Imeegeshwa uani, vijana wanaitumia kuwekea kreti, na kila Jumatatu Bosi ananiuliza itatoka lini.